Alichomnong'oneza Punda

Wakati wa likizo, asubuhi za Chiriku zilifanana. Aliamka, akanywa chai huku akisimulia ndoto zake, akaambiwa, "Kunywa kwanza, utasimulia njiani," kisha mama na binti wakashika njia kwenda kazini kwa Mama. Shuleni alikuwa na jina lake halisi, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia. Alianza kuongea mapema kuliko watoto wote wa ukoo, na tangu aanze hakuwahi kufunga mdomo. Watu walisema amemrithi Babu.

Mama alikuwa fundi katika hifadhi ya sanaa za jukwaani. Ofisi yake ilikuwa chumba kirefu chenye rafu hadi darini, na kwenye rafu hizo zilipangwa kanda za video za miaka mingi: michezo ya kuigiza, ngoma, vichekesho. Kanda huzeeka. Hata ukizifungia kabatini bila kuzigusa, siku moja utazikuta zimekwisha. Kwa hiyo kazi ya Mama ilikuwa kuzicheza kwenye mashine na kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijafa. Alikuwa na mashine tatu, na zote zilinguruma kwa pamoja kutwa nzima. Masikio ni mawili tu, huwezi kusikiliza kanda tatu kwa wakati mmoja. Hivyo sauti za kanda zilizimwa wakati wa kunakili, na baadaye kila nakala ilisikilizwa na mtu aliyevaa hedifoni.

"Tangu mwanzo hadi mwisho," Mama alipenda kusisitiza. "Kanda zina ujanja wao. Kile kichwa kidogo cha kusoma sauti kikishika uchafu, picha inaendelea kupendeza, kumbe sauti imeshakatika zamani. Huwezi kujua mpaka usikilize."

Yule dada aliyekuwa akisikiliza nakala alikuwa ameenda kujifungua, na aliyeahidiwa kuja badala yake hakuja. Mama alihangaika peke yake hadi maji yakazidi unga. Mwishowe akamvalisha Chiriku hedifoni na kumwonyesha vitufe. Chiriku alifurahi mno. Alijiona mfanyakazi kamili, alichokosa ni mshahara tu.

Juma lile likaletwa sanduku la kanda za kundi la Babu.

Hapa inabidi nikueleze habari za Babu, maana bila yeye hakuna hadithi. Babu, baba yake Mama, alikuwa mwigizaji. Jukwaani aliitwa Bwana Radi, kwa kuwa sauti yake ilifika viti vya nyuma kabisa bila kipaza sauti, na wengine waliapa kwamba ilifika hadi kituo cha basi. Yeye na Chiriku walikuwa wakibishana tangu asubuhi hadi jioni juu ya kitu chochote: kama paka ana akili kuliko mbuzi, kama mvua ina harufu. Kisha mwaka uliopita kiharusi kikampiga. Mkono wake wa kulia ukalala na maneno yakakwama. Alisikia kila kitu na kuelewa kila kitu, lakini akifungua mdomo kilitoka "aa" tu. Walimpa kalamu ashike kwa mkono wa kushoto, lakini herufi nazo zilikuwa zimemkimbia. Chiriku alimkumbuka sana, na ajabu ni kwamba alimkumbuka huku ameketi karibu naye.

Kati ya kanda zile, moja tu ndiyo iliyomwonyesha Babu. Ulikuwa mchezo uitwao *Punda Shahidi*, habari za mtu aliyempeleka punda wake mahakamani kutoa ushahidi. Kwingine kote sauti ya Babu haikuwahi kurekodiwa. Enzi zake nani alikuwa na simu ya kurekodia? Na simu zilipokuja, hakuna aliyewaza kurekodi sauti iliyokuwa ikisikika kutwa nzima. Sauti yote ya Bwana Radi ilikuwa ndani ya kanda ile moja.

Na kanda yenyewe ilikuwa mgonjwa. Sanduku lilikuwa limekaa miaka chini ya jukwaa linalovuja, na kanda zikaota ukungu. Ukungu huambukiza, kanda moja yenye ukungu inaweza kuharibu rafu nzima. Kwa hiyo pale hifadhini palikuwa na sheria kali: kanda yenye ukungu inanakiliwa, nakala inasikilizwa, na ikishathibitishwa kuwa ni nzima, kanda inatiwa kwenye mfuko mwekundu. Jumamosi huja gari la taka na kuupeleka mfuko kwenye tanuri.

"Jumamosi tutampelekea Babu nakala," Mama alisema, akipangusa jicho kwa furaha iliyotaka kuwa machozi. "Ajisikie tena. Na sisi tumsikie."

Siku ya Alhamisi Chiriku alivaa hedifoni kusikiliza *Punda Shahidi*. Mchezo ulianza vizuri: hakimu akapiga nyundo, karani akakohoa, watu wakacheka. Babu alikuwa bado hajaingia. Mara dirishani kikatokea kichwa cha rafiki yake Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya alama nyeusi iliyokuwa shavuni. Mkononi alikuwa na kamba ya kuruka.

"Bado tu?" Kidoti aliuliza. "Wenzako wote wapo nje. Tumebakiza zamu yako."

"Nina kazi."

"Kazi gani ya kuangalia televisheni?"

Chiriku alitazama skrini. Mchezo ulikuwa mrefu. Akawaza: huu si mchezo wa Babu? Si nitausikia wote Jumamosi, tena nikiwa nimekaa kwenye mkeka na yeye yupo? Nisikilize mara mbili ya nini? Akasogeza mbele hadi mwishoni kabisa. Makofi yalisikika vizuri, na watu walipiga vigelegele. Mwanzo mzima, mwisho mzima, katikati pataharibikia wapi? Akavua hedifoni.

"Mama, kanda ya Babu tayari."

Mama alikuwa ameinamia mashine iliyokwama. "Yote?"

"Yote."

"Na sauti?"

"Safi kabisa."

Mama akaichukua kanda, akaitia kwenye mfuko mwekundu, akaufunga. Chiriku alikuwa ameshafika nje na kamba ilikuwa inazunguka.

Jumamosi asubuhi walikuwa sebuleni kwa Babu. Alikuwepo pia Bibi Pilipili, jirani yake, ambaye zamani aliigiza naye na ndiye aliyekuwa hakimu katika *Punda Shahidi*. Huyu bibi alikuwa mwembamba na mkali, na hakujua kusema neno bila kulitia chumvi. Alikuwa amejipaka wanja kana kwamba yeye ndiye anayekwenda jukwaani.

"Radi, kaa sawa," alimwambia Babu huku akimwekea mto mgongoni. "Leo utajiona ulivyokuwa kijana. Uzuri hukuwa nao, lakini ujana ulikuwa nao."

Babu alitabasamu kwa upande mmoja wa uso. Mama akachomeka flashi kwenye televisheni.

Hakimu akapiga nyundo, karani akakohoa. Kisha pazia likafunguka na akaingia Babu, kifua mbele, akivuta punda wa mbao mwenye magurudumu. Akafungua mdomo wake mkubwa. Kimya.

"Ongeza sauti," Bibi Pilipili alisema.

Mama akaongeza. Kimya bado. Babu wa kwenye skrini alipunga mikono, akapiga magoti, akamwelekeza punda kidole, na watazamaji wa mbele walionekana wakishikana mabega kwa kicheko. Hakuna kilichosikika.

Chiriku aliinamisha macho kwenye mkeka.

"Chiriku," Mama aliuliza bila kugeuka, "ulipoisikiliza, sauti hapa ilikuwepo?"

Pale ndipo angesema. Nafasi ilikuwa wazi mbele yake kama mlango. Lakini alimwona Babu amesogea mbele kwenye kiti, sikio limeelekezwa kwenye televisheni, akingoja, na ulimi wake Chiriku, ulimi ule usiochoka, ukakimbilia pabaya.

"Ilikuwepo. Labda ni televisheni."

Basi kazi ikaanza. Mama alichomoa nyaya na kuzichomeka tena. Akaenda kuazima spika kwa jirani mwingine. Akajaribu kwenye simu, akajaribu kwenye kompyuta yake, akaanza upya mara nyingine na nyingine. Kila mara hakimu alisikika vizuri, na kila mara Babu alipoingia sauti ilikatika. Jasho lilimtoka Mama. Bibi Pilipili aliacha kutania. Na Babu, kila mara, alisogea mbele kwenye kiti na kutega sikio upya kwa matumaini yale yale.

Chiriku hakuweza kuvumilia tena. "Mama, acha," alisema. "Sikuisikiliza. Nilisikiliza mwanzo na mwisho tu. Katikati niliruka."

Mama alisimama na waya mkononi. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele! Alisema maneno mawili tu, kwa sauti ya chini.

"Mfuko mwekundu."

Walitoka mbio. Walikimbia hadi Chiriku akapoteza kiatu kimoja, akakirudia, akakimbia tena. Getini mlinzi wa hifadhi alikuwa ameketi anakunywa maji, hana hili wala lile.

"Gari la taka?" alisema. "Mbona limeshaondoka. Mngewahi kidogo mngelikuta hapa hapa, dereva alikaa muda mrefu ananipigia soga."

Muda ule mrefu ndio ule Mama alipokuwa akichomoa na kuchomeka nyaya. Chiriku alilielewa hilo bila kuambiwa. Mama akapiga simu kwa dereva, simu ikaita na kuita. Alipopokea, nyuma yake palisikika mngurumo wa moto.

"Mifuko miekundu ndiyo inayotangulia kuingia, dada," dereva alisema. "Imeshakuwa majivu. Kulikuwa na kitu?"

Mama alikata simu. Akaketi chini, pale pale kwenye ukingo wa barabara, na gauni lake la kutokea. Chiriku alisimama kando bila kujua aweke wapi mikono. Alitaka kusema samahani, lakini neno lenyewe lilionekana dogo mno. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye ndiye aliyeyamwaga, mara ya kwanza kwa uvivu na mara ya pili kwa uongo.

Ilibidi Babu aambiwe. Chiriku alipiga magoti mbele ya kiti chake na kumweleza yote, hata habari za kamba ya kuruka. Babu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akageuza uso ukutani. Angekuwa na sauti angemgombeza, na Chiriku angelia, na mambo yangekwisha. Sasa hakuna kilichosemwa na hakuna kilichokwisha.

Siku zilizofuata Mama alitafuta kila mahali. Aliulizia kwenye jumba la maonyesho, akawapigia simu waigizaji waliobaki, akamtafuta hata mtu aliyeshika kamera siku ile, akaambiwa alishafariki. Hakuna aliyekuwa na nakala. Chiriku alimfuata nyuma kila alikokwenda, akimbebea mkoba, kwa sababu hilo ndilo pekee aliloweza kufanya. Hakuongea, na nyumba ikawa kubwa kwa ukimya.

Jioni moja walikuwa tena kwa Babu. Televisheni ilikuwa inaonyesha ile sehemu bubu, kwa kuwa Babu mwenyewe aliielekeza kidole akitaka iwekwe. Bibi Pilipili alikuwa anamenya machungwa na kunung'unika.

"Hapo nilimwuliza, 'Shahidi wako ana elimu gani?' Naye akanijibu..." Akaikazia macho midomo ya Babu kwenye skrini, kisu kikiwa hewani. "Akanijibu, 'Mheshimiwa, punda wangu hajasoma, lakini hajawahi kusema uongo. Wangapi humu ndani wanaweza kuapa hivyo? Hata kiti chako hicho kinalia!'"

Pwa! Babu alipiga meza kwa kiganja cha kushoto.

"Nini? Nimekosea?"

Babu akatikisa kichwa kwa ghadhabu.

"Ah, sawa, habari ya kiti nimeiongeza mimi," Bibi Pilipili alikiri. "Lakini ingefaa! Lo, hata bila sauti bado unaniamrisha."

Mama aliinuka taratibu. "Bibi," alisema, "unayakumbuka maneno yake mengine?"

"Nilisimama naye miaka mingapi? Nayakumbuka kuliko ya kwangu. Nikisahau, midomo yake ile pale naisoma. Nikikosea, si huyu hapa ananichapia meza?"

Ndivyo walivyofanya. Mama alileta kipaza sauti cha kazini. Bibi Pilipili alisema maneno ya Babu, sentensi baada ya sentensi, akitazama skrini. Babu alisikiliza, na palipokosewa meza ililia. Siku nyingine walikwama kwenye neno moja hadi chai ikapoa, Bibi akijaribu hili na lile, Babu akipiga meza, hadi lilipopatikana wote wawili wakashangilia kama watoto. Kazi ya Chiriku ilikuwa kuvaa hedifoni na kusikiliza. Alisikiliza kila sentensi tangu mwanzo hadi mwisho. Kidoti alipochungulia mlangoni na kamba yake, Chiriku alitikisa kichwa tu.

Walifika mahali pamoja wakashindwa. Karibu na mwisho wa hotuba, Babu aliigeuzia kamera mgongo, akaliinamia sikio la punda wa mbao na kumnong'oneza kitu. Ni mnong'ono wa jukwaani, ule unaosikika hadi nyuma. Baada ya hapo ukumbi wote ulionekana ukipasuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele aliteleza kabisa kutoka kitini.

"Hapa alisema nini?" Chiriku aliuliza.

Bibi Pilipili aliweka kikombe cha chai chini. "Hapa sijui, mjukuu wangu. Hapa alibadilisha kila onyesho, na hakuwahi kurudia. Hata mimi nilikuwa nasubiri nisikie leo ameleta kipi. Cha siku ile kilikuwa kwenye kanda tu."

Wote wakamgeukia Babu. Yeye alikumbuka, ilionekana machoni. Alifungua mdomo. "Aa," alisema. Akakaza shingo, mishipa ikamtoka. "Aa. Aa." Bibi akabahatisha hili, Mama akabahatisha lile, na kila mara kiganja kilitua mezani, mwishowe polepole, kwa uchovu. Machozi yakamshuka Babu upande ule mzima wa uso. Mama akamshika mkono na kusema basi, inatosha.

Sehemu ile ikaachwa kimya.

Kabla ya kuingiza nakala mpya hifadhini, Mama alieleza kwamba lazima yaongezwe maelezo, ili anayesikiliza miaka ijayo ajue kwamba sauti ile si ya Bwana Radi na kwa nini. "Hifadhi ikidanganya ni bora isiwepo," alisema. "Nitayasoma mimi."

"Hapana, Mama. Nitasema mwenyewe."

Chiriku akakikaribia kipaza sauti. "Kuanzia hapa sauti ya Babu yangu haipo," alisema. "Maneno ni yake, sauti ni ya Bibi aliyeigiza naye. Mahali anapomnong'oneza punda, maneno hayajulikani. Yalipotea kwa sababu mimi niliyepewa kazi ya kusikiliza sikusikiliza, na nilipoulizwa nikasema uongo." Akamgeukia Mama. "Mama, sauti imetetemeka. Nirudie?"

"Iache hivyo hivyo."

Mama alizima kipaza sauti, akamkalisha karibu naye. "Sikiliza, mwanangu. Na mimi nina kosa, tena kubwa: nilikupa kazi ya mtu mzima, kisha sikurudi kuangalia. Hilo nimemweleza mkuu wangu. Lakini wewe shika hili. Ukisema 'tayari', mwenzako anaacha kutazama, anafunga mfuko. Ndiyo maana kulipua kazi ni kusema uongo, hata kama mikono ndiyo iliyosema. Na ukishakosea, sema mara moja. Ukweli ulinifikia, lakini ulinifikia gari likiwa limeshaondoka."

"Ndiyo, Mama," Chiriku alisema.

Kisha wakauwasha mchezo wote, tangu mwanzo, Babu akiwa kitini pake na Bibi Pilipili pembeni. Walicheka hakimu alipopiga nyundo, wakacheka kwenye hotuba. Ilipofika sehemu ya kimya, mgongo mpana wa Bwana Radi ukainama kwenye sikio la punda, na Chiriku akageuka kumtazama Babu. Alikuwa anacheka peke yake, mabega yakitikisika, kwa kitu alichokuwa anakijua yeye tu na ambacho hakuna mtu duniani angeweza tena kumwuliza akajibu.